Mnamcheka mama anayeruka mbele ya televizio? Basi leo tuongee

BUKAVU. Wiki mbili zilizopita nilipitisha hewani mazungumzo ya dakika sita na mama mmoja wa Kadutu, mwalimu wa shule ya msingi, miaka 54. Alieleza namna anavyofanya mazoezi ya mwili ndani ya saloni ya nyumba yake, kwa mchezo wa video. Sikuwa nimetafuta makubwa. Kipindi cha afya kilikuwa na shimo, mganga niliyepaswa kumhoji alikwama njiani kwa sababu ya mvua, nikakumbuka sauti ya yule mama iliyokuwa imelala ndani ya mashini yangu ya kurekodia. Nikaitoa.

Simu zilianza kulia kabla mama hajamaliza. Wa kwanza alicheka tu. Alicheka mpaka franka za simu yake zikaisha, nadhani. Wa pili aliuliza: "Journaliste, iyo mama iko na bwana ku nyumba?" Wa tatu, sauti ya mtu mzima kabisa, akasema: "Muchezo ni ya batoto. Mutu mukubwa akianza kurukaruka mbele ya televizio, kichwa kimeanza kuharibika." Wa nne alikuwa na hasira nyingine. Alisema mji hauna maji, hauna barabara, usalama tunaujua ulivyo, na ninyi redio munatuletea mama anayecheza.

Wa tano hakucheka na hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ya chini bei ya hiyo mashini, na kama akiinunua anaweza kuacha vidonge vyake vya sukari.

Huyo wa tano ndiye aliyeninyima usingizi, nitarudi kwake. Wa nne nitamjibu kwa heshima, maana ana sehemu ya haki. Wale watatu wa mbele nitawajibu leo, na sitawabembeleza.

Kwanza mjue mnayemcheka. Mwaka jana huyu mama alianguka darasani. Si kuanguka kwa kutisha, alishika meza, akaketi chini, watoto wakakimbia kumwita mwalimu wa darasa la pili. Kwenye kituo cha afya walimpima tansio: 17 juu ya 10. Walimwandikia dawa, wakamwambia apunguze chumvi na mafuta, na kila siku atembee nusu saa, kutembea kwa haraka mpaka jasho litoke. Akauliza: "Nitatembelea wapi?" Akaniambia kwamba mganga alicheka kidogo, kisha akanyamaza, kwa sababu na yeye anaishi Bukavu.

Tufuatane naye basi, tuone hiyo nusu saa ataipata wapi. Saa kumi na moja asubuhi ni giza. Akitoka peke yake na viatu vya mpira, atarudi bila simu, au hatarudi vizuri. Saa moja na robo anapaswa kuwa shuleni. Anatoka mchana, anapitia sokoni, anapika, anasahihisha madaftari ya watoto zaidi ya 60, na saa kumi na mbili na nusu giza limerudi. Njia za kwetu mnazijua: ni ngazi za udongo, mfereji katikati, mvua ikinyesha unateleza mpaka kwa jirani wa chini. Barabara kubwa ina taxi-bus upande huu na pikipiki upande ule, na moshi wa wote wawili. Na mwanamke wa umri wake akionekana anakimbia barabarani wanamuuliza nani amekufa.

Mdogo wake yuko Ubelgiji. Alikuwa ametuma kwa msafiri mashini moja ya okazyoni, Wii, pamoja na kibao chake na mchezo unaoitwa Wii Fit, zawadi kwa wajukuu. Wajukuu waliicheza wiki mbili, wakachoka, wakarudi kwenye simu. Kibao kikalala chini ya kitanda. Siku moja mama alikuwa anafagia, akakivuta, akamwambia mjukuu wa kwanza: niwashie.

Kwa wasioijua: kile kibao ni cheupe, kinafanana na mizani ya kupimia uzito. Unakipanda bila viatu. Kinapima kilo zako na kinajua umeegemea mguu gani, wa kulia au wa kushoto. Kwenye televizio anatokea mtu anayekuonyesha: panda, shuka, panda, shuka, kwa kufuata muziki. Ukikosea unaona umekosea. Kuna kukimbia papo hapo, unashika manete mkononi na yule mtu wa kwenye televizio anakimbia kwa kadiri unavyokimbia. Kuna kujinyoosha, kuna kusimama kwa mguu mmoja. Mwishoni kinaandika dakika ulizofanya, na kesho yake kinakuonyesha ya jana. Mama aliniambia kitu ambacho sikukitegemea: "Papa, mimi nasahihisha batoto miaka 30. Iyo ni kitu ya kwanza yenye inanisahihisha mimi bila kunitukana."

(Hapo alikuwa na bahati. Ile mashini nayo inatukana. Mwaka 2008 huko Uingereza wazazi walilalamika kwa sababu ilimwambia msichana wa miaka 10 kwamba ni mnene, na kampuni ya Nintendo ikaomba msamaha. Mtoto msimwachie kibao hicho peke yake.)

Alianza dakika 10. Akafika 20. Mwezi wa tatu alikuwa anafanya nusu saa, siku tano kwa wiki, kila siku ambayo umeme ulikuwepo. Akarudi kupimwa, tansio imeshuka, dawa anaendelea kuzinywa kama alivyoandikiwa. Akapanda ngazi za kwake bila kusimama katikati.

Kisha kikaja kicheko. Dirisha la saloni yake linatazama njia ya watu. Watoto wa jirani walianza kupanda juu ya jiwe ili wachungulie. Mama wa kwaya yake wakampa jina, sitaliandika hapa. Shemeji mmoja alikuja mpaka nyumbani kuuliza kama ni kweli. Mama akafunga dirisha, akajaribu kufanya usiku, joto likamshinda, watu wakasema sasa anajificha. Akakirudisha kibao chini ya kitanda. Alikaa karibu miezi mitatu bila kukigusa. Alipokwenda kupimwa ilikuwa 18 juu ya 11, kubaya kuliko siku aliyoanguka. Mganga akamuuliza: "Mama, ulianza muzuri, nini ilipita?" Aliona haya kusema kwamba walimcheka. Akasema mashini iliharibika.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo wasikilizaji wangu hawakuisikia, kwa sababu simu zilikuwa zinalia na mkurugenzi wa vipindi akanionyesha mkono nikate. Sasa mmeisoma. Kicheko chenu kina uzito, na unaweza kupimwa kwa kile kitambaa wanachofunga mkononi kituoni.

Nije kwa hoja zenu, maana mtasema naleta machozi tu.

Ati mchezo ni wa watoto. Aliyeibuni Wii Fit ni Shigeru Miyamoto, Mjapani, yule yule aliyemzaa Mario. Amesema mwenyewe kwamba wazo lilitoka kwenye desturi yake ya kujipima uzito nyumbani. Mchezo ulipotoka Japani, Desemba 2007, bwana huyo alikuwa ametimiza miaka 55. Ni kitu kilichotengenezwa na mtu mzima aliyekuwa anatazama kilo zake. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 20. Mnafikiri ni watoto walionunua? Na kabla ya hapo, mwaka 2006, jimbo la West Virginia huko Marekani lilitangaza kuingiza Dance Dance Revolution katika shule zake za serikali, mchezo wa kukanyaga mishale kwa miguu kwa kufuata muziki, kwa sababu watoto walikuwa wananenepa na saa ya michezo ilikuwa inawachosha. Kwa hiyo hata pale ulipotumiwa na watoto, ulitumiwa kama kazi.

Ati ni mambo ya wazungu. Nimeshasema ni mambo ya Wajapani, lakini tuache hiyo. Ninyi ni watu gani mnaomcheka mtu kwa sababu anacheza muziki? Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ya inchi zote mbili za mto, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, tukapiga vigelegele. Kwenye arusi mnacheza ndombolo mpaka saa nane ya usiku, mama wa miaka 60 wanashuka mpaka chini na kupanda tena, hakuna anayesema kichwa kimeharibika. Wanatunzwa pesa! Mama huyo huyo akifanya hivyo hivyo siku ya Jumatatu, bila bia, bila suti ya mtu wa kumtazama, kwa ajili ya moyo wake, anakuwa kichekesho. Nieleweshwe tofauti iko wapi, maana mimi siioni.

Kuhusu yule wa pili, aliyeuliza kama mama ana bwana nyumbani: yupo, na ndiye anayeshika mlango watoto wasiingie. Aliniambia afadhali aonekane mpumbavu kuliko kuwa mjane. Mwanamume atabaki mgane, papa, nilimsahihisha. Akasema: "Ni ile ile."

Hoja moja peke yake ndiyo nzito kidogo, ilikuja kwa ujumbe siku iliyofuata: kwamba hayo si mazoezi ya kweli, ni kujidanganya. Hiyo naiheshimu, na nimeitafutia majibu. Wachunguzi wa Japani waliwafungia watu wazima ndani ya chumba maalumu kinachopima pumzi, wakawachezesha michezo 68 ya Wii, matokeo yakatoka mwaka 2010. Karibu theluthi mbili ya michezo hiyo ilikuwa myepesi, haifikii kutembea kwa haraka. Theluthi moja ilifikia. Hakuna hata mmoja uliofikia kukimbia kwa nguvu. Kwa hiyo mwenye kusimama juu ya kibao akijinyoosha na kuhesabu hiyo nusu saa yote, ndiyo, anajidanganya. Mwenye kupanda na kushuka na kukimbia papo hapo mpaka anashindwa kuimba lakini bado anaweza kuongea, huyo anafanya kazi ya kweli. Na kazi hiyo inahesabika: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki. Nusu saa mara tano ni 150. Mama wetu alikuwa pale pale kwenye mstari, na alifika bila kutoka nje ya saloni.

Mwongozo huo hauulizi dakika hizo zimefanyika barabarani au juu ya simenti, na moyo nao hauulizi.

Na wale wanaoleta hoja ya kwamba sisi Wakongomani tunatembea, tunabeba, hatuhitaji michezo. Sikilizeni. Mama anayebeba gunia la mkaa kutoka bandarini mpaka juu Kadutu, kamba kwenye paji la uso, huyo simwambii aruke mbele ya televizio. Huyo anahitaji mzigo mwepesi na pesa nzito. Nazungumza juu ya mwalimu, mshonaji, dereva, karani, muuzaji wa kitenge anayekaa juu ya kiti kidogo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, na mimi mwenyewe mbele ya mikro. Sisi tunarudi nyumbani tumechoka na tunadhani uchovu ni mazoezi. Mtu anaweza kuchoka siku nzima na moyo wake haujafanya kazi hata dakika 10. Nilinenepa kilo 11 tangu nianze kazi ya redio. Suruali niliyovaa siku ya kupokea brevet ya uandishi wa habari haipiti magoti.

Sasa wa tano.

Kaka, au mzee, sikujua umri wako kwa sauti, ulikata kabla sijakujibu sawasawa. Jibu ni hapana. Usiache vidonge. Mazoezi yanasaidia kushusha sukari na yanasaidia kushusha tansio, hilo waganga wote wanakubali, lakini yanakaa pembeni ya dawa, hayakai juu ya kiti chake. Mwenye tansio akiacha dawa kwa ghafula anaweza kupooza upande mmoja kabla hajauza hata hiyo mashini. Na mwenye kujidunga insulini akianza kurukaruka bila kumwambia mganga, sukari inaweza kushuka mno akaanguka. Kama namba zako ziko juu sana, nenda kwanza wakupime, uliza unaweza kuanza na nini. Ni mganga peke yake anayeweza kukupunguzia vidonge, baada ya kukupima.

Ninaandika hivi kwa ukali kwa sababu swali lako halikutoka hewani. Siku nne baada ya kipindi nilipita kwa wauzaji wa vitu vya okazyoni, nikajifanya mnunuzi. Kijana mmoja alinionyesha Wii ya zamani, haina kibao, manete moja imefungwa kwa skochi, akaniambia: "Yaya, iyi ndiyo ya redio. Inaponyesha sukari." Ya redio! Bei yake ilikuwa imepanda mara mbili. Nilimwambia mimi ndiye wa redio na sikusema hivyo. Akacheka, akaniambia nipunguziwe basi.

Kijana, wewe unatafuta chakula, najua. Lakini uliyemuuzia maneno hayo akiacha dawa, kile kifo kitakuwa na jina lako na langu. Na kwa wanunuzi nasema wazi: mashini ile bila kibao haifanyi hiyo kazi ya kupanda na kushuka niliyoieleza. Kibao kinabeba mpaka kilo 150, kinatumia betri nne ndogo, mkipimie pale pale dukani kabla ya kutoa dola. Wii inakula umeme kidogo sana, hauzidi wati 20, ni televizio ndiyo inayokula. Wenye umeme wa jua wanaweza. Wasio nao watafanya kama sisi sote, watangoje. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa kwetu, mabwawa mawili yako chini ya macho yetu, na mama wa Kadutu anaanza mazoezi saa ile umeme unapotaka, si saa anayotaka yeye. Mara moja ulikatika amesimama kwa mguu mmoja. Alibaki gizani anahesabu mwenyewe mpaka 30, kisha akabadilisha mguu.

Na kununua hakutoshi. Huko Houston, Texas, watafiti waliwagawia watoto michezo hii ya kurukaruka, watoto wa miaka 9 mpaka 12, wakawafunga kipimo cha mwendo kwa wiki 13. Matokeo yalitoka mwaka 2012: waliopewa michezo ya kuruka hawakujisukuma zaidi ya waliopewa michezo ya kuketi. Mashini ilikuwa nyumbani, hakuna aliyewaambia waitumie namna gani wala lini, basi. Ni ile ile hadithi ya wajukuu na kibao chini ya kitanda. Kilichofanya kazi kwa mama ni hofu ya kuanguka tena, na bwana anayeshika mlango. Vitu hivyo havipatikani kwa wauzaji wa okazyoni.

Nimebakiwa na wa nne, mwenye hasira ya maji na barabara. Ndugu, una haki, lakini umemkasirikia mtu asiyehusika. Unaniuliza kwa nini redio inampa nafasi mama anayeruka saloni. Mimi nakuuliza kwa nini yuko saloni. Nilipokuwa mtoto, kata yetu ilikuwa na uwanja. Haukuwa na nyasi, ulikuwa na mteremko, mpira ukitoka ulikuwa unaufuata mpaka barabarani, lakini ulikuwepo. Jioni mama walikuwa wanauzunguka wakiongea. Leo pale kuna ukuta wenye vipande vya chupa juu, na nyumba ya ngazi mbili ndani. Nenda kata ya jirani, uulize wazee walichezea wapi, watakuonyesha geti. Aliyeuza ana karatasi, aliyenunua ana karatasi, na aliyetia mhuri naye ana karatasi. Mtoto na mama yake ndio wasio na karatasi. Uwanja wa Concorde upo Kadutu, ndiyo, lakini uwanja mmoja wa mechi hautoshi kumpa kila mama mwenye tansio mahali pa kutembea.

Kwa hiyo mtu anapoamua kutengeneza uwanja wake wa mita mbili kwa mita mbili, katikati ya kabati na kochi, badala ya kumcheka tungeuliza nani alichukua ule mwingine. Majina ya viwanja vilivyofungwa nimeanza kuyakusanya, kata kwa kata. Mwenye kumbukumbu, mwenye picha ya zamani ya timu yake imesimama mahali ambapo leo pana ukuta, aniletee pale redioni. Sitatangaza jina lake.

Na sasa naomba niseme jambo moja dhidi ya upande wangu mwenyewe. Mama anayo Wii kwa sababu ana mdogo wake Ubelgiji. Wengi wenu hamna Ubelgiji. Sitaki msomaji afunge ukurasa huu akidhani afya ni mzigo unaokuja na msafiri. Kile kibao, ukiangalia vizuri, kinafanya kazi tatu: kinakuambia uanze, kinakuonyesha wengine wanafanya nini, na kinahesabu. Kupanda na kushuka kunaweza kufanyika kwenye ngazi ya mlango wako. Kukimbia papo hapo hakuhitaji kitu. Kuhesabu, tuna saa za simu. Kinachokosekana ni ile sauti inayosema: anza.

Sauti tunayo, tunaiita redio. Wajapani hao hao wa Nintendo wana kitu kinaitwa Rajio Taiso, mazoezi ya redioni, tangu mwaka 1928. Baada ya vita kilisimamishwa, kikarudi mwaka 1951 na muziki mpya, na mpaka leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi redio ya taifa ya NHK inapiga piano, sauti inahesabu, na wazee wanainua mikono ndani ya nyumba na kwenye bustani. Dakika 10. Hakuna televizio, hakuna kibao. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: inchi iliyotuletea mashini ya kuruka imekuwa na dawa ya masikini karibu miaka 80 kabla ya hiyo mashini.

Nimeomba dakika hizo 10 kwenye redio ninayofanyia kazi, kabla ya habari za asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Jibu la mdomo lilikuwa kwamba saa ile imenunuliwa na tangazo la dawa ya kupunguza kitambi. Jibu la maandishi bado. Nimeandika barua ya pili, safari hii nimetaja kwamba sitadai malipo na kwamba mpiga gitaa mmoja wa Bagira amekubali kutupigia bure.

Mama naye nimemtembelea Jumamosi. Kibao kimetoka chini ya kitanda. Dirisha ameliacha wazi, ila ametundika kikwembe, upepo unapita na macho hayapiti. Watoto wa jirani walikuwa wamepanda juu ya jiwe lao kama kawaida, hawaoni kitu, wanasikia tu muziki na miguu. Wadogo wawili walikuwa wameshuka na wanafuata ule muziki chini, kwenye vumbi, panda, shuka, panda, shuka, juu ya lile jiwe.